Sihisi kitu tena mgonjwa akifa: je, nimepoteza utu?

"Daktari, mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, mwaka wa saba sasa. Zamani mgonjwa akifariki nilikuwa najifungia chooni dakika mbili, nalia, nanawa uso, narudi kazini. Siku hizi silii. Juzi mzee mmoja alikata roho mbele yetu, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kitanda kimepatikana. Nilijiogopa. Nyumbani nako nimekuwa mkali, kelele ndogo tu inanipandisha hasira. Halafu kuna jingine. Miezi mitano iliyopita aliletwa mtoto wa miaka minne aliyezama majini. Tulimkandamiza kifua zaidi ya nusu saa, nikipokezana na wenzangu wawili, hakurudi. Nina binti wa umri uleule. Tangu siku ile sijamwogesha. Nikiona nywele zake zimelowa mikono inaniishia nguvu na naiona sura ya yule mtoto. Mume wangu ndiye anayemwogesha, na anadhani nimekuwa mvivu. Simu yake ina mlio unaofanana na kengele ya mashine ya mapigo ya moyo. Ikilia najikuta nimeshasimama. Kazini wananiambia 'utazoea, sote tumepita huko'. Baada ya kifo kile tuliitwa kikao, kila mmoja asimulie alichoona na alivyojisikia, nikatoka vibaya kuliko nilivyoingia. Mwenzangu ananipa vidonge vya usingizi, vinasaidia kiasi. Je, nimepoteza utu? Niache kazi? Au ni udhaifu wangu tu, maana wenzangu wa siku ile wanaonekana wazima?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma kama daktari wa magonjwa ya akili. Ya pili niliisoma kama mtu aliyewahi kukesha zamu za dharura kabla ya kubadili fani, na hapo nikakwama kwenye kile kitanda. Wazo hilo nalijua. Lilinijia alfajiri moja, machela zimepangana koridoni hadi mlangoni, na sikumwambia mtu kwa miaka mingi kwa sababu nami niliona aibu. Kwa hiyo nianzie hapo.

Ulipowaza kwamba kitanda kimepatikana, kuna mgonjwa mwingine uliyekuwa unamfikiria. Huenda alikuwa amelala kwenye machela anahema kwa shida, nawe umeshampita mara nne ukimwambia asubiri kidogo. Kichwa cha muuguzi wa dharura hufundishwa kuhesabu hivyo, na idara yenye vitanda vichache hukifundisha upesi zaidi. Kilichokutisha ni kwamba hesabu ilifika na huzuni haikufika. Lakini uliiona, ukashtuka, ukaniandikia. Aliyepoteza utu hana cha kumshtua hapo.

Ninachokiona kwenye barua yako ni mambo mawili yaliyomkalia mtu mmoja, na la tatu linayachochea yote mawili. Kuna uchovu wa kazi uliojengeka kwa miaka saba. Kuna kiwewe cha siku moja, miezi mitano iliyopita. Na kuna lile dukuduku la kujua mgonjwa anahitaji nini huku huna nafasi, kitanda wala mikono ya kumpa. Mwanafalsafa Andrew Jameton alilieleza mwaka 1984 katika maandishi yake juu ya maadili ya uuguzi, na nadhani wauguzi walikuwa wanalijua zamani kabla yake. Ukiyachanganya haya utajitibu vibaya. Likizo inayopunguza uchovu haitaigusa picha ya yule mtoto, na tiba itakayoituliza picha hiyo haitaongeza muuguzi hata mmoja kwenye zamu yako.

Tuanze na uchovu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, alieleza namna wahudumu waliojitoa kwa moyo wote walivyokuwa wakizimika mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe akiwemo. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha kipimo kinachotumika hadi leo. Kina pande tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona watu kama vitu, na kuona unachokifanya hakina maana. Usome tena upande wa pili. Kitanda chako kimo humo, kimeandikwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita na watu wasiokujua.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika 2022, limeuweka uchovu huu kama hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa, na limesema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa. Wapo wanaosoma hapo wakaona wamedharauliwa. Mimi nauona ni uamuzi wa heshima, maana tukitafuta chanzo tunaelekezwa kwanza kwenye kazi, tabia ya mfanyakazi inakuja baadaye.

Sasa ile ganzi. Fikiria unatafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa ambaye presha imeshuka, mama yake analia kwa sauti upande wa pili wa pazia. Ukimsikiliza mama kwa moyo wote, sindano itatetemeka. Kwa hiyo ubongo unafunga kitu; huzuni inawekwa kando, kazi inafanyika. Hapo hakuna ubaya wowote, na bila uwezo huo usingemaliza hata wiki moja. Utaratibu wa zamani wa zile dakika mbili chooni ndio ulikuwa unakifungua tena kile ulichokifunga. Kisha wagonjwa wakaongezeka, dakika mbili zikakosekana, ukawa unatoka kwa aliyekufa moja kwa moja kwenda kwa anayekufa. Kifungo kikabaki kimefungwa hadi nyumbani, na tatizo lake ni kwamba hakichagui. Kikizuia huzuni kinazuia na furaha. Naamini hata kicheko cha binti yako siku hizi unakisikia kwa mbali.

Hasira ya nyumbani inaonekana kama kinyume cha ganzi, ila chimbuko ni moja. Homoni ya adrenalini hupungua mwilini ndani ya dakika chache baada ya kishindo kupita, lakini nyingine ya msongo, kotisoli, hukaa muda mrefu zaidi, na mtu mwenye vishindo kumi kwa zamu hapati nafasi ya kushuka. Ongeza kukosa usingizi. Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, huwa kali zaidi kwa mtu asiyelala, na sehemu ya mbele ya ubongo inayotakiwa kuituliza hulegea. Utafiti mmoja wa mwaka 1997 ulipima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo. Utendaji wao ulishuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakataza kuendesha nacho gari. Sasa hesabu umeamka saa ngapi siku ya zamu ya usiku na umefika nyumbani saa ngapi. Mtoto akiangusha kikombe saa hiyo, anayejibu ni kengele, mama yake bado hajafika.

Kuhusu yule mtoto nitakaa zaidi, maana hapo ndipo unapohitaji msaada wa mapema.

Kumbukumbu ya kawaida huhifadhiwa ikiwa na tarehe na mahali. Ukikumbuka siku yako ya kwanza kazini unajua ilikuwa zamani na imeisha. Kazi hiyo ya kubandika wakati na mahali inategemea sana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Katika tukio la kutisha mno, amigdala huchapa picha, sauti, harufu na mguso kwa nguvu kubwa, huku upangaji wake ukiwa hafifu. Kinachobaki ni vipande visivyo na tarehe: nywele zilizolowa, mlio wa mashine, kifua kidogo chini ya viganja vyako. Kipande kimoja kikiguswa, kinarudi kana kwamba kinatokea sasa hivi. Ndiyo maana ukisikia simu ya mumeo mwili husimama kabla ya akili kuuliza nani anapiga. Huwazi kwamba kuna mgonjwa sebuleni. Kengele imeunganishwa na mlio, na mlio umelia.

Sasa ona kinachotokea kwenye mlango wa bafu. Maji yanafunguliwa, hofu inapanda, unamwachia mumeo, unatoka. Hofu inashuka. Nafuu hiyo ndiyo inayokugharimu, maana ubongo unaandika kwamba umepona kwa sababu ulikimbia, na kesho utakusukuma ukimbie mapema zaidi. Leo ni nywele zilizolowa. Watu niliowahi kuwatibu walianza na kitu kidogo namna hiyo, wakaishia kuzunguka njia nzima wasipite karibu na mto. Wenzako wakikuambia utazoea, wamesahau kwamba hofu huzoeleka kwa kusogelewa pole pole mahali penye usalama, ikiacha kutimia mara nyingi za kutosha. Anayeikimbia kila siku hapati nafasi hiyo, hata ipite miaka.

Pengine umewahi kujiambia kwamba kiwewe ni cha waathirika wenyewe, wewe ulikuwa kazini tu. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe uliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, na toleo la 2013 linataja bayana watu ambao kazi yao huwakutanisha tena na tena na undani wa matukio ya kutisha. Kushuhudia kifo cha mtoto, viganja vyako vikiwa kifuani mwake, kunatosha kabisa. Wataalamu huangalia kama dalili zimepita mwezi mmoja: picha zinazojirudia zenyewe, kukwepa vikumbusho, kushtukashtuka, na mabadiliko ya hisia. Zako zina miezi mitano. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua, na sitajaribu, lakini ningekuwa ndugu yako ningekupeleka kupimwa wiki hii.

Kwa nini wewe na si wale wawili? Kwanza, hujui walivyo. Nao wakikutazama wanamwona muuguzi imara anayemaliza zamu bila kulia. Pili, wengi wanaokutana na tukio baya hupona wenyewe ndani ya wiki chache, na wasiopona mara nyingi wana sababu zinazoeleweka: kukosa usingizi kabla na baada, matukio mengi yaliyolundikana nyuma, kukosa mtu wa kuegemea, au tukio kugusa kitu chao wenyewe. Wewe una binti wa miaka minne. Kila jioni nyumba yako inakurudishia umri ule, urefu ule, nywele zile. Wenzako huenda hawana kitu hicho nyumbani kwao, na hilo halipimi nguvu ya mtu.

Kuna jambo hukuliandika, na nakisia lipo. Usiku unajiuliza kama ungekandamiza vizuri zaidi. Nikujibu kwa yale ninayoyajua. Miongozo inataka mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na wakandamizaji wapokezane takriban kila dakika mbili kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Ninyi watatu mlikuwa mkipokezana. Kwa mtoto aliyezama, kinachotabiri matokeo kuliko kitu kingine ni muda aliokaa chini ya maji. Dakika hizo zilikuwa zimeshaisha mlango wa gari la wagonjwa ulipofunguliwa. Ulipokea mtoto ambaye jambo lake kubwa lilikuwa limeshaamuliwa mahali usipokuwepo.

Kile kikao nacho kina historia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, aliyekuwa mzimamoto na mhudumu wa magari ya wagonjwa, alipendekeza utaratibu wa kuwakutanisha wahudumu baada ya tukio zito wasimulie walichoona na walivyohisi. Nia ilikuwa njema na wazo likaenea dunia nzima. Baadaye tafiti zilizolinganisha watu waliopitishwa kikao kimoja cha namna hiyo na wasiopitishwa zilionyesha kwamba hakizuii kiwewe, na katika baadhi waliopitishwa walikuwa na hali mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Sababu inaelezeka: unamlazimisha mtu afungue picha wakati kengele bado inalia, na unamwongezea picha za wenzake ambazo yeye hakuziona. Kwa hiyo ulipotoka vibaya, hukuwa na kasoro yoyote ya kuogopa kuzungumza.

Hili lisikufanye ukatae kila kikao. Kukaa dakika kumi na timu kuulizana nini kilifanyika, dawa ipi ilichelewa na mpira wa hewa wa mtoto uliwekwa wapi, ni jambo jingine na lina faida. Na kuna zoea moja ninalolipenda, lililoanzishwa na muuguzi Jonathan Bartels wa Virginia, Marekani: mgonjwa akifariki, yeyote kwenye timu anaomba wote wasimame kimya kwa muda mfupi, wamheshimu aliyeondoka na jitihada waliyoifanya, kisha kila mtu anarudi kazini. Halimlazimishi mtu kusema neno. Linakurudishia sehemu ya zile dakika zako mbili. Kinachomsaidia mhudumu saa ile ile baada ya kifo cha mtoto ni vitu vya kawaida mno: maji ya kunywa, kiti, mwenzake kumshikia wagonjwa robo saa, mtu wa kumfikisha nyumbani, na kesho yake simu ya kumjulia hali.

Sasa vidonge. Hukutaja jina, lakini vingi vinavyopitishwa mkono kwa mkono kati ya wahudumu ni vya jamii ya diazepamu. Vinakuzimisha, kweli. Usingizi wake haulingani na usingizi wenyewe, na mwili huvizoea ndani ya wiki chache hata dozi ya jana isitoshe leo. Kwa mtu mwenye kiwewe kuna hasara ya ziada, kwa kuwa vinazima kengele bila kuufundisha ubongo kwamba hatari imekwisha. Ukichanganya na pombe au dawa kali za maumivu, vinaweza kuzuia kupumua; hilo wewe unalijua kuliko wasomaji wengine. Kama unavimeza kila siku kwa zaidi ya wiki chache, usiache ghafla. Mwambie daktari apunguze dozi kidogo kidogo. Na ninakuomba umwambie mwenzako asante, basi. Anakupenda, lakini anayekupa dawa bila kukupima hawezi kujua lini umezidisha.

Tiba iliyo na ushahidi mzuri ipo. Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo iliyolenga kiwewe chenyewe, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Najua utaniuliza inatofautianaje na kile kikao kilichokuumiza. Hapa mko wawili, mwendo unaupanga wewe, unafundishwa kwanza kutuliza mwili, na kumbukumbu ikifunguliwa hamuiachi juu juu; mnakaa nayo mpaka hofu ishuke, mnaipitia tena na tena mpaka ipate tarehe na mahali pake. Nyingine ni ile ambayo mtaalamu hukuongoza kufuatisha kwa macho kitu kinachokwenda kushoto na kulia huku ukiishika kumbukumbu akilini. Francine Shapiro ndiye aliyeianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Inachekesha kuisikia, nami niliicheka, lakini matokeo yake yamepimwa na yanasimama. Dawa kama setralini husaidia baadhi ya watu, hasa sonona ikiwa imeingia, ila huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na haimalizi hamu ya kukwepa bafu.

Tukipita kidogo pembeni: mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la idara ya dharura huko Oxford, Uingereza. Watu 71 waliotoka kwenye ajali za barabarani waligawanywa, na kundi moja likakumbushwa ajali kisha likacheza Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, ndani ya saa sita baada ya ajali. Wiki iliyofuata picha za kujirudia kwao zilikuwa chache kuliko za wenzao. Maelezo yao ni kwamba mchezo unaoshika macho unagombania nafasi na picha inayojichapa. Kwako saa sita zimeshapita zamani, na sikuandikii mchezo kama tiba. Nimeutaja uone kwamba tunashughulika na namna picha zinavyohifadhiwa, jambo la ubongo kama presha ilivyo ya mishipa.

Uache kazi? Nikiwa mkweli, sijui jibu la mwisho, na wewe pia hulijui leo. Nisingemshauri mtu aamue jambo la miaka ishirini katika mwezi asiolala. Kuacha kazi hakutaifuta picha ya yule mtoto. Itakufuata nyumbani, na tayari imeshafika bafuni. Kwa upande mwingine kubaki ulivyo sasa, zamu zilezile, vidonge vilevile, sikukubaliani nako. Kati ya hayo kuna nafasi kubwa: likizo ya ugonjwa ya wiki chache, kuhamishiwa kwa muda sehemu isiyopokea watoto mahututi, kupunguziwa zamu za usiku mfululizo wakati wa tiba. Ukishapona kiwewe, itazame kazi upya. Kama bado inakutafuna, kuondoka si kushindwa, na ujuzi wako wa dharura unahitajika katika mafunzo, kliniki na sehemu nyingi tu.

Unapokwenda kwa mkuu wako, usiende na neno "nimechoka", maana jibu lake ni "sote tumechoka". Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita yanayozalisha uchovu: wingi wa kazi, kukosa usemi, kutotambuliwa, mahusiano mabaya, upendeleo, na kazi kupingana na dhamiri ya mtu. Chagua mawili yanayokuumiza zaidi, yape sura ya ratiba. Wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, zamu ngapi za usiku bila kupumzika, lini mara ya mwisho mliketi kula. Nimewahi kuona bango la "jali afya yako" limebandikwa juu kabisa ya ratiba yenye majina manne mahali palipotakiwa saba. Bango hilo ningelitoa ili ratiba isomeke vizuri.

Yaliyo mikononi mwako nayapitia haraka. Kahawa ya mwisho inywe muda wa saa sita hivi kabla ya kulala, maana nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Ukitoka zamu ya usiku usiendeshe gari kama unasinzia, na chumba kiwe na giza kweli. Badili sare kazini, kaa dakika kumi mahali kabla ya kuingia nyumbani. Mwendo wa miguu husaidia. Haya ni ya kukushikilia tu wakati tiba inatafutwa.

Usisubiri miadi endapo yatakuja mawazo ya kufa, au wazo kwamba familia yako ingekuwa nafuu bila wewe. Ukiona unakunywa pombe ili ulale. Ukikosea dozi kazini. Au ukijikuta umefika mahali hukumbuki ulivyofika. Hapo nenda siku hiyohiyo, na mtu mmoja akusindikize. Wahudumu wa afya huchelewa hapa kuliko wagonjwa wao, mara nyingi kwa kuhofia leseni. Lorna Breen, daktari wa dharura jijini New York, alijiua Aprili 2020, na familia yake ilieleza kwamba aliogopa kutafuta msaada kungemharibia kazi. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya wahudumu. Ukiogopa kuonekana, tafuta mtaalamu nje ya hospitali yako. Yeye anabanwa na siri ileile unayobanwa nayo wewe kwa wagonjwa wako.

Siku ya kwanza hutahitaji maneno makubwa. Soma barua uliyoniandikia, kuanzia kwa yule mtoto, pamoja na mstari wa nywele. Mtaalamu mzuri atajua pa kuanzia.

Mumeo hajui. Anadhani ni uvivu kwa sababu umemwachia kazi bila kumwachia sababu. Si lazima umsimulie picha zile. Zako zinatosha nyumba nzima. Mwambie hivi tu: "Kuna mtoto aliletwa amezama, wa umri wa binti yetu, hakupona, na nikiona nywele za binti yetu zimelowa mwili wangu unarudi pale. Natafuta matibabu." Muombe abadilishe mlio wa simu, hiyo ni kazi ya nusu dakika na haihitaji daktari. Kuogesha aendelee kuogesha yeye kwa sasa, na hatua za kulisogelea bafu mzipange wewe na mtaalamu wako. Ila mkikubaliana kwamba uko tayari, hatua ya kwanza huwa ndogo sana. Chukua kiti, kaa koridoni, mlango wa bafu ukiwa wazi, uwasikilize wakirushiana maji. Hofu itapanda. Kaa mpaka ianze kushuka, halafu wewe ndiye umpokee binti yako akitoka, taulo likiwa mkononi mwako.